Kutuliza akili, tangu mimba hadi arobaini

Mimi ni mkunga, na zoezi hili nawafundisha wajawazito wakiwa kwenye benchi la kliniki wakisubiri kupimwa presha.

Mimba ikivuka wiki 28, usilifanye ukiwa umelala chali. Tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, ukaanza kuona kizunguzungu. Lala ubavu, wa kushoto ukiweza, mto katikati ya magoti, mkono tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole kwa mdomo ukihesabu hadi 6. Usibane pumzi. Mawazo ya kodi na ya mama mkwe yatakuja tu. Yaache yapite, rudi kwenye kuhesabu. Dakika 5 zinatosha. Mtoto akicheza, mfuatilie: amepiga teke au amejigeuza? Ukiona amepunguza kucheza, acha zoezi, nenda kituo cha afya leo leo.

Ukishajifungua, nani ana dakika 5? Tumia muda wa kunyonyesha. Mtoto akishashika titi vizuri, shusha mabega, weka simu mbali, msikilize anavyomeza. Wageni wasubiri sebuleni, mashangazi nao wamo.

Kulialia siku za mwanzo ni kawaida. Kukizidi wiki 2, muone mhudumu wa afya. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu akupeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama arobaini haijaisha.