Kunasa mdondoko wa volti: hatua kwa hatua kwenye bodi kuu ya kiwanda

Taa zimepepesa mara moja, mashine zote zimesimama, na mita ya mkononi inaonyesha volti 228. Mwenye kiwanda anasema umeme umekatika, fundi anasema upo, na hakuna anayedanganya. Volti ikishuka chini ya nusu kwa milisekunde 100 tu, kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) inaweza kuachia na mota ikazima. Ukifika na mita, kila kitu kimesharudi. Kabla hamjaanza kurushiana lawama na shirika la umeme, nasa tukio lenyewe.

Kwa EN 50160, kiwango cha Ulaya cha ubora wa umeme, mdondoko ni volti kushuka chini ya asilimia 90 ya volti ya kawaida kwa muda wa milisekunde 10 hadi dakika 1. Ikienda chini ya asilimia 5, huko ni kukatika.

Hatua ya 1: Pata kinasa sahihi

Tafuta kinasa ubora wa umeme kinachofuata IEC 61000-4-30, kiwango cha kimataifa cha kupima ubora huo. Daraja A ni la ushahidi wa kimkataba. Kwa kusaka chanzo tu, daraja S linatosha. Kifaa cha kuweka wastani wa kila dakika 10 kiache dukani. Volti ikidondoka hadi asilimia 40 kwa milisekunde 200, wastani wa dakika 10 utashuka kwa chini ya volti 0.1. Hutaona kitu.

Hatua ya 2: Funga

Bodi kuu ndiyo mahali pa kuanzia, karibu na nyaya zinazotoka kwenye transfoma. Hapo umeme hauna huruma: nyaya za kupimia ziwe na fyuzi na daraja la usalama la CAT IV, vaa glovu, na kama unaweza kuzima bodi kwanza, zima. Funga fezi tatu, nyutro na ethi, kisha klampu za ampea huku mishale ikielekea kwenye mzigo. Usiondoke kabla ya kuona kilowati za fezi zote tatu ni chanya. Klampu iliyogeuzwa itakupotosha huko mbele. Kinasa kiwe na betri yake, kisizime pamoja na mgonjwa.

Hatua ya 3: Panga namba

Weka volti 230 kwa Tanzania, 240 kwa Kenya. Kizingiti asilimia 90, na nafasi ya kurudi asilimia 2: kwa 230, tukio linaanza volti ikipita chini ya 207 na kufungwa ikirudi juu ya 211.6. Ukipima upande wa kilovoti 33 kupitia transfoma ya vipimo (inayoshusha volti hadi kiasi ambacho kinasa kinaweza kupokea) yenye volti 110, uwiano ni 300. Washa pia kurekodi mawimbi ya volti na ampea, kuanzia kabla ya tukio.

Saa ya kinasa ilandanishwe na GPS au mtandao. Halafu kuna hili: waendesha mashine wataandika "saa 4 asubuhi" kwenye daftari la zamu, kinasa kitaandika 10:00. Kubalianeni mapema mnatumia saa ipi.

Hatua ya 4: Kiache

Wiki moja inakuonyesha tabia ya kiwanda. Tabia ya laini ya shirika inahitaji msimu wa mvua na radi.

Hatua ya 5: Soma, na hapa usiwe na haraka

Tazama ampea wakati volti *inaanza* kushuka. Zikipanda pamoja na mshuko huo na kilowati zinaelekea ndani, chanzo kiko kwenu. Zikishuka, au mkondo ukageuka kidogo kwa kuwa mota zinazozunguka zinarudisha umeme, chanzo kiko kwenye laini. Usisome mwisho wa tukio: volti ikirudi, mota zilizopungua mwendo huvuta zote kwa pamoja, ampea zinaruka, na msomaji mwenye pupa anakihukumu kiwanda bure.

Kisha umbo. Mota iliyowashwa moja kwa moja huvuta mara 5 hadi 7 ya ampea zake. Volti inashuka ghafla, halafu inapanda polepole kwa sekunde kadhaa, fezi zote sawa. Hitilafu ya laini huchora shimo lenye kuta wima, linalofungwa breka ya njia yenye hitilafu inapokata. Tukio likijirudia baada ya muda mfupi, breka inajaribu kurudisha njia yenye hitilafu bado.

Ukiona fezi mbili zimeshuka hadi karibu asilimia 58 na ya tatu imetulia, huenda ni waya mmoja tu uliogusa ardhi upande wa volti kubwa. Transfoma ya delta-staa (koili za upande mmoja zimefungwa pembetatu, za upande wa pili nyota) hubadilisha sura hivyo.

Hatua ya 6: Amua

Chanzo kikiwa mota yenu, iwashe polepole kwa staa-delta (kuanza kwa volti ndogo kisha kamili) au inveta (kifaa kinachoongeza mwendo taratibu). Kikiwa laini, lipelekee shirika jedwali la tarehe, saa hadi sekunde, kina na muda, walilinganishe na kumbukumbu za breka zao.

Huku mkisubiri, usikimbilie stabilaiza (kifaa cha kusawazisha volti) ya kiwanda kizima. Zile zinazorekebisha volti kwa mota ya servo ni za polepole mno kwa tukio la milisekunde 100. Weka UPS ndogo (chanzo cha akiba chenye betri) kwenye saketi ya udhibiti, yaani PLC (kompyuta ndogo inayoongoza mashine) na koili za kontakta. Inveta nyingi zina mpangilio wa kuvumilia volti ndogo: uwashe. Ule wa mashine kujiwasha yenyewe uache umezimwa popote penye mkanda au kisu ambacho mtu anaweza kukiwekea mkono.