Mahandaki ya mezani kwa boksi na trei za mayai

Kazi ya kutengeneza mahandaki ya kuchezea mezani, ambamo wachezaji husogeza sanamu ndogo za wahusika wao mraba kwa mraba, huanza na rula. Gundi na rangi vinaweza kusubiri, kipimo hakisubiri, kwa sababu kipande cha handaki kina maana pale tu kinapofungana na vingine kila upande: leo ni chumba cha mfalme, Jumamosi ijayo ni ujia wa gereza.

Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974, huhesabu mraba mmoja wa mezani kuwa futi 5 ndani ya hadithi, na michezo mingi ya uhusika, yaani ya kuigiza wahusika, hufuata kipimo hichohicho. Mraba wenyewe una upana wa inchi 1, yaani milimita 25.4. Kata kwa milimita 25 kamili, maana rula ya shule inaisoma vizuri, na kikundi kizima kikubaliane hivyo kabla mtu hajagusa wembe. Mmoja akikata kwa inchi na mwenzake kwa 25, ikifika miraba 10 wameachana milimita 4, na hapo ukuta haufungi pembeni hata uubembeleze.

Video nyingi za Ulaya na Marekani hutumia ubao wa povu gumu la kuzuia baridi nyumbani. Usipoteze nauli kulisaka Tabora au Kigoma. Stairofomu nyeupe inayokuja na televisheni ipo, lakini ni punje zilizogandana: wembe butu unazing'oa badala ya kuzikata, na rangi ya kupuliza huiyeyusha kwa sababu ya kemikali zilizomo. Gundi ya viatu na supaglu nazo huila. Wengine huikata kwa kisu kilichopashwa moto. Moshi wake ni sumu, acha. Boksi na trei za mayai za karatasi zinatoa jiwe zuri kuliko stairofomu, na muuza chipsi anazitupa kila siku.

Chagua trei kwa jicho kali. Yenye doa la mafuta haishiki gundi, na iliyomwagikiwa yai huleta sisimizi hata baada ya kupakwa rangi. Boksi nalo liwe la sabuni au biskuti, lisilo na mikunjo. La mafuta ya kupikia liache hukohuko dukani.

Sasa mpangilio. Wengi hubandika ukuta juu ya kigae cha sakafu. Matokeo yake ukuta unakula nafasi, ujia wa miraba miwili unabaki na upana wa mraba mmoja, na sanamu mbili hazipishani. Tenganisha: sakafu peke yake, kuta zisimame nje ya sakafu, na pembe zizibwe kwa nguzo. Seti ya kuanzia ni hii, vipimo vyote kwa milimita:

Sakafu 12 za 100 × 100.
Sakafu 6 za ujia, 50 × 100.
Kuta 16 za urefu wa 100, na 6 za urefu wa 50. Zote unene 20, kimo 40.
Nguzo 12 za 20 × 20, kimo 45.
Milango 3 ya upana wa 50, unene 20.

Chumba cha miraba 8 kwa 8 kinachukua sakafu 4, kuta 8 ndefu na nguzo 4. Ukitaka mlango, toa ukuta mmoja mrefu, weka nusu ukuta na mlango mmoja. Ujia wa 50 unakuja kugota palepale. Kimo cha 40 kinahesabiwa kutoka mezani. Sakafu ikishamalizika ina unene wa 10 hivi, kwa hiyo ndani ya chumba ukuta unaonekana kwa 30, karibu na kimo cha sanamu ya kawaida. Ukipandisha zaidi unapendeza kwenye picha, ila anayekaa upande wa pili wa meza haoni kitu na mchezo mzima anasimama.

Kitako cha sakafu ni tabaka mbili za boksi. Tazama mkato wa boksi: katikati mna mawimbi yanayokwenda upande mmoja. Tabaka la juu liweke mawimbi yake yakatishe ya chini, kama msalaba. Yakienda upande mmoja, kigae kitapinda kufuata mawimbi. Paka gundi nyeupe ya mbao nyembamba, sambaza kwa kipande cha kadi mpaka kingo, kisha lundika vigae vyote na uvikandamize kwa tofali au ndoo ya maji usiku kucha. Weka mfuko wa nailoni kati ya kigae na kigae, la sivyo asubuhi una tofali moja la karatasi.

Kupinda ndiko kunakoharibu kazi nyingi kuliko kitu kingine. Karatasi ikilowa upande mmoja inavimba upande huo, ikikauka inasinyaa na kuvuta kingo juu. Dawa yake ni kulowesha pande zote mbili sawasawa: siku unayopaka rangi juu, paka na chini, hata kama hapaonekani. Masika yakikolea, Tabora boksi hunywa unyevu wa hewa hata bila kuguswa, na Kigoma karibu na ziwa hali si tofauti. Anayetaka kumaliza tatizo kabisa aombe vipande vya plaiwudi ya milimita 3 kwa seremala vitumike chini badala ya boksi. Ni vizito zaidi, lakini vinabaki bapa.

Gundi ya uji wa ngano usiitumie kabisa. Inashika, ni kweli, na mende, panya na mchwa watakushukuru.

Kwa kuta, gundisha tabaka 4 za boksi la milimita 4 upate 16; mawe ya trei yana milimita 2 hivi kila upande, jumla 20. Boksi likiwa la milimita 3, weka tabaka 5 na kujazia kwa manila. Kata vipande baada ya gundi kukauka, si kabla. Ukikata kwanza kisha ukabandika, kingo hazilingani. Tumia wembe mpya na rula ya chuma, pitisha mara nne au tano kwa mkono mwepesi. Anayelazimisha kukata kwa mpito mmoja anaponda mawimbi, na ukuta unatoka umeegama. Kwenye kitako cha kila nguzo chimba tundu dogo, sokomeza msumari wa inchi moja au kokoto, ziba kwa gundi. Bila uzito huo dadu moja inaangusha pembe nzima.

Mawe sasa, na hapa usiwe na haraka. Lowesha trei dakika mbili, si zaidi, maana ikizidi inarudi kuwa uji. Pasua vikombe vyake, vikandamize kati ya mbao mbili zilizofunikwa kitambaa, weka uzito, viache vikauke. Utapata vipande bapa vyenye vinyweleo na vishimo ambavyo huwezi kuvichonga kwa mkono. Seti hii inahitaji trei 8. Weka 2 za akiba.

Mawe ya sakafu ni miraba ya milimita 23, ili kati yake ibaki mianya ya milimita 2 na mchezaji aweze kuhesabu hatua bila kuuliza. Mengine yagawe nusu au robo, lakini yasitoke nje ya mraba wake. Ya ukutani ni 20 × 9, safu nne, na kila safu iruke nusu jiwe dhidi ya ile ya chini yake, kama fundi anavyopanga tofali. Nyofoa pembe za mawe kwa kucha moja moja. Ukikata kwa mkasi bila kunyofoa utakuwa na ukuta wa vigae vya bafuni. Katika kila ukuta acha jiwe moja au mawili yatokeze kidogo na moja liwe limepasuka. Yakizidi hapo handaki linaonekana limepigwa bomu.

Mchanga wa ufukweni Kigoma, uliochekechwa kwa chujio la chai, hutiwa kwenye mianya pamoja na gundi iliyozimuliwa kwa maji kiasi sawa. Uoshe na uuanike kwanza. Usifunike sakafu nzima, sanamu zitayumba.

Atakaye handaki la udongo badala ya mawe, afuate ukuta wa tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, mfano lile la Kwihara nje ya Tabora alimokaa Livingstone mwaka 1872: kuta nene, kona za mviringo. Udongo wa kichuguu ukisagwa na kuchekechwa unafaa sana. Changanya vijiko 4 vya udongo, 2 vya unga wa mbao, 2 vya gundi nyeupe, na maji kidogo kidogo mpaka ukae kwenye kijiko bila kudondoka. Bila unga wa mbao unapasuka, kwa kuwa mfinyanzi husinyaa ukikauka. Paka unene wa milimita 1 tu, kisha rudia kesho yake. Unga wa mbao ya mkurungu hutoa wekundu ukilowa na huchuja mpaka kwenye rangi nyeupe juu yake. Kwa tembe ni bahati, kwa jiwe la kijivu ni hasara.

Miamba ya mapango hutoka kwenye magome. Chukua yale yaliyoachana na kuni kavu, usibandue mti ulio hai, maana ukiubandua gome kuuzunguka wote unakufa. Anika juani siku kadhaa wadudu watoke, kisha paka gundi iliyozimuliwa.

Rangi ni ya maji, ile ya ukutani. Kila kipande kianze na nyeusi: sehemu 2 za rangi kwa 1 ya gundi nyeupe. Mchanganyiko huu unaziba vinyweleo na kuifanya karatasi iwe ngumu. Ingiza brashi mpaka ndani ya mianya. Kidoa cha kahawia kikibaki, kitaonekana kuliko kazi yote nyingine. Ikikauka, paka kijivu cha kiza kwa brashi kubwa iliyolowa kiasi, ukiacha mianya ibaki nyeusi.

Halafu brashi kavu. Chovya ncha kwenye kijivu cheupe, futa juu ya kipande cha boksi mpaka isiachie tena alama, ndipo uipitishe juu ya mawe kwa wepesi, ukikatisha kingo. Brashi kuukuu yenye nywele ngumu inafaa kuliko mpya. Ikiacha michirizi, bado ina maji. Usitumie nyeupe tupu mwishoni, itiemo kahawia kidogo, kwani mawe ya chini ya ardhi hayang'ai kama chokaa. Kwa ukungu na uchafu, zimua kahawia kwa maji, sehemu 1 kwa 8, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo ili maji yasijikusanye kuwa matone. Maliza kwa vanishi ya maji isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba.

Mlango: vijiti vinne vya aiskrimu vilivyokatwa kimo cha 30, vimebandikwa juu ya manila, na mistari ya mbao imekwaruzwa kwa sindano. Kizingiti chake kiinuliwe milimita 10 kilingane na sakafu; wengi husahau, na sanamu inabaki imeinama mlangoni kama mlevi. Bawaba usihangaike nazo, ubao uingie kwenye mfereji na kutolewa.

Hifadhi vipande vimesimama ubavu kwa ubavu ndani ya boksi, vipande vya kanga vikiwa katikati, juu ya meza au kabati. Chini kabisa ni karamu ya mchwa. Ukisafiri nayo kwa treni kati ya Kigoma na Tabora, nguzo zifunge peke yake, maana zile zenye misumari ndizo zinazokwaruza rangi ya wenzake. Jiwe likibanduka, bandika jingine, upake nyeusi kwanza, kisha kijivu, halafu brashi kavu kwenye jiwe hilo na majirani zake wawili ili kiraka kisijulikane.