Kijana Mpenda Farasi Visiwani: Namna ya Kujifunza Kuruka Viunzi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana wa Unguja au Pemba aliyeingiwa na mapenzi ya farasi, na kwa ajili ya wazazi wake, ambao mara nyingi hawajui waseme nini mtoto anapotaka kumaliza kila siku ya mapumziko zizini. Farasi si wengi visiwani. Wengi wa wale wanaoonekana hufugwa karibu na fukwe za Unguja kwa ajili ya kuwapandisha wageni, na kijana hatakuta uwanja wa viunzi uliotandikwa unamsubiri. Hilo lisimvunje moyo. Sehemu kubwa ya mafunzo ya mchezo huu hufanyika chini ya kimo cha goti, na katika nafasi iliyo baina ya kiunzi kimoja na kingine. Mambo hayo mawili hufundishika popote palipo na farasi mzima, ardhi njema, miti michache na mtu mzima anayeijua kazi.

Mzazi anayedhani kwamba farasi ni mambo ya wageni na akumbuke kwamba Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, alifundishwa kupanda tangu utotoni. Wapo pia wanaouliza kama mchezo huu unamfaa binti. Katika mashindano ya Olimpiki ya kuruka viunzi, wanawake na wanaume hushindana pamoja, katika uwanja mmoja na kwa hesabu moja ya alama. Mwingereza Pat Smythe alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushiriki, mwaka 1956, na tangu hapo swali hilo limekwisha jibiwa.

Kazi ya kwanza si kupanda bali kuhudumu. Kijana na aombe, kwa adabu na kwa idhini ya wazazi wake, kumsaidia saisi, yaani mtunza farasi, wa zizi lililo karibu baada ya skuli au siku ambazo hana chuo. Atajifunza kumwendea farasi kwa upande wa bega la kushoto huku akisema naye, kwa sababu mnyama huyu haoni kilicho nyuma yake kabisa wala kilicho mbele tu ya pua yake, na anayeshtuliwa hupiga teke kabla ya kufikiri. Atajifunza kuinua mguu na kusafisha kwato kwa chuma cha kuchokolea, kuanzia kisiginoni kwenda mbele ili asimchome katika sehemu laini ya katikati. Kwato hukatwa na kusawazishwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, na kazi hiyo ni ya fundi. Atajifunza pia hali ya farasi mzima aliyetulia: joto la mwili kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, mapigo ya moyo kati ya 28 na 44 kwa dakika, na pumzi kati ya 8 na 16. Mtoto anayeweza kupima mambo haya matatu na kuyaandika daftarini ana faida zizini kuliko yule anayejua kupiga shoti tu. Akiona farasi anajigaragaza, anajitazama ubavuni na hataki kula, asingoje kesho. Huo huenda ni msokoto wa tumbo, nao huua, hivyo daktari wa mifugo na aitwe saa ile ile.

Hapa visiwani yapo mambo mawili ya afya ambayo mpanda farasi hana budi kuyaelewa. La kwanza ni habari njema. Mbung'o, wanaoeneza ugonjwa wa nagana unaowadhoofisha na kuwaua farasi, walimalizwa Unguja katika miaka ya 1990 kwa njia ya kurusha kutoka kwenye ndege madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Kwa hiyo farasi wa Unguja amepata usalama ambao farasi wa sehemu nyingi za bara hana, na asisafirishwe kwenda huko bila ya ushauri wa daktari. La pili ni usubi, wale wadudu wadogo mno wanaouma kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza. Ndio wanaobeba ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao hauna dawa ya kuuponya. Kinga yake ni chanjo na kumwingiza farasi bandani kabla ya Magharibi, kisha asitoke hadi kumekucha sawasawa. Tahadhari hiyo iongezwe katika wiki zinazofuata mvua za masika na za vuli.

Ratiba ya mazoezi nayo hufuata hali hiyo. Wakati mzuri ni asubuhi jua likishapanda kidogo, au baada ya sala ya Alasiri, ili kila kitu kiwe kimekwisha na farasi amekwisha kuoshwa kabla ya adhana ya Magharibi. Katika miezi ya kaskazi, joto na unyevu wa hewa hukaa pamoja na jasho halikauki mwilini. Mazoezi yafupishwe, farasi amwagiwe maji mwili mzima mara kwa mara huku akitembezwa, na awekewe maji safi ya kunywa na chumvi. Farasi mkubwa aweza kumaliza lita 25 hadi 50 kwa siku, na siku ya joto akazidisha.

Mavazi ni jambo fupi ila halina mjadala. Helmeti ya kupandia farasi, iliyofungwa kidevuni, huvaliwa kila mara, hata kwa kutembea hatua kumi. Viatu viwe vya kufunika mguu mzima na vyenye kisigino kidogo kinachozuia unyayo usipenye katika kikuku cha kupandia. Ndara na makubadhi havifai hata kidogo. Msichana avae suruali ndefu na kanzu fupi, na mtandio wake uwe wa kubana chini ya helmeti, usiofungwa kwa pini, kwa kuwa pini ni hatari mtu akianguka. Buibui linalopepea huweza kunasa kwenye tandiko, hivyo livuliwe na kuwekwa pembeni.

Baada ya hapo ndipo kijana apande, na apande farasi mzoefu, mpole, aliyezidi umri wa miaka sita. Farasi na mtoto wasifundishane wote wawili kwa pamoja. Mmoja wao lazima awe anajua. Uzito wa mpandaji pamoja na tandiko usizidi takriban asilimia 20 ya uzito wa farasi, maana yake ni kwamba farasi wa kilo 300 asibebe zaidi ya kilo 60. Masomo ya mwanzo yafanywe farasi akiwa amefungwa kamba ndefu inayoshikwa na mwalimu, naye akizunguka duara, huku mpandaji hashiki hatamu kabisa. Wanafunzi wengi hulichukia zoezi hili, nami nawaelewa, lakini anayejifunza kukaa kwa hatamu hubaki kuning'inia katika kinywa cha mnyama maisha yake yote. Akishaweza kuinuka na kukaa kwa kufuata mwendo wa matiti, yaani ule ulio kati ya kutembea na mbio, bila ya kuyumba, afundishwe mkao wa kurukia: vikuku vifupishwe kidogo, visigino vishuke, makalio yainuke juu ya tandiko, na kifua kielekee mbele. Mkao huu tunamshukuru Mwitaliano Federico Caprilli, aliyefariki mwaka 1907. Kabla yake wapandaji walijivuta nyuma farasi aliporuka, wakimuumiza mgongo na kinywa. Yeye akaonyesha kwamba anayeruka ni farasi, na kazi ya mtu ni kutomzuia.

Sasa tuje kwenye uwanja. Mchanga mkavu wa ufukweni unachosha mishipa ya miguu na haufai kurukia. Ule ulioloana na kushikana, maji yanapokuwa makavu, ni bora zaidi, mradi mtu autembee kwanza kwa miguu akitafuta mashimo ya kaa na mawe ya matumbawe. Siku za bamvua ufukwe huwa mpana, ila maji hurudi kwa kasi, basi ratiba ya maji ijulikane kabla ya kutoka. Miti ya kulazia itokane na mvinje iliyonyooka, yenye urefu wa mita 3 hadi 3.5 na unene wa sentimita 10 hivi, iliyoparwa isiwe na vijiti. Ipakwe rangi nyeupe kwa mabaka ya buluu au manjano. Farasi hatofautishi nyekundu na kijani kama tunavyotofautisha sisi, na mti wa kijani juu ya majani ni mtego kwake. Mti ulazwe juu ya vishikizi visivyo na kina, upande ule wa nguzo usiotazama farasi anakotokea, ili ukiguswa uanguke. Mti uliofungwa kwa kamba humwangusha farasi pamoja na mtu wake, na sijui kosa jingine la uwanjani linaloudhi zaidi kuliko hilo.

Anza na miti iliyolazwa chini. Kwa mwendo wa matiti, acha mita 1.2 hadi 1.4 kati ya mti na mti, na upunguze kwa poni, yaani farasi wa kimo kidogo. Farasi akivuka miti minne bila ya kuigusa na bila ya kubadili mwendo, weka mbele yake, umbali wa kama mita 2.5, miti miwili iliyopishana kwa mkingamo, katikati isizidi sentimita 40. Hicho ndicho kiunzi cha kwanza. Kijana atazame mbele, mbali kuliko kiunzi, ashike manyoya ya shingo, na aache mikono ifuate kichwa cha farasi. Katika kitambo cha mwisho kabla ya kuruka farasi hakioni vizuri kiunzi kilicho chini ya pua yake. Amekwisha kukipima kabla, na anahitaji shingo yake iwe huru ili kuitumia.

Kinachowatenga wapandaji wazuri na wengine ni hesabu ya hatua, na hiyo hufanywa kwa miguu ya mtu kabla ya kupanda. Hatua moja ya farasi mkubwa katika mbio za taratibu ni kama mita 3.6. Kijana ajizoeze nyumbani, juu ya sakafu iliyopimwa, kutembea kwa hatua za sentimita 90 kamili, ili hatua zake nne ziwe sawa na moja ya farasi. Kati ya viunzi viwili huhesabiwa hatua mbili za mtu kwa ajili ya kutua, mbili kwa ajili ya kuinuka, na nne kwa kila hatua ya farasi iliyo katikati. Basi mtu akitembea hatua nane, farasi atapiga hatua moja baina ya viunzi. Akitembea kumi na mbili, farasi atapiga mbili. Poni ana hatua fupi, na farasi aliyechoka pia, kwa hiyo umbali hupunguzwa kulingana na mnyama aliyepo. Zoezi zuri ni kulaza miti miwili chini kwa umbali wa mita 18 hivi na kuipita kwa mbio za taratibu, kijana akihesabu kwa sauti: nne mara ya kwanza, kisha tano kwa kumfupisha farasi, kisha nne tena. Anayeweza kufanya hivyo kwa utulivu ameshajifunza jambo ambalo kiunzi kirefu hakiwezi kumfundisha.

Farasi akikataa kuruka, usimpige. Kwanza angalia miguu, mgongo na tandiko, kwani mara nyingi anasema ana maumivu. Kisha punguza kimo, mrudishe kwa mwendo wa matiti, na umsifu anapovuka. Kimo kiongezwe polepole, na mirukio isizidi michache kwa siku mbili au tatu za wiki. Siku nyingine ni za kutembea na za miti ya chini.

Kanuni za mashindano ni nyepesi kuelewa. Kuangusha mti ni adhabu 4, kukataa mara ya kwanza ni 4, kukataa mara ya pili katika mashindano ya kimataifa humtoa mshindani, na kuanguka humtoa papo hapo. Viunzi vya Olimpiki hufikia mita 1.65, lakini hicho si kipimo cha mtoto kujilinganisha nacho. Mchezo huu una subira na umri kuliko michezo mingi: Mwingereza Nick Skelton alipata medali ya dhahabu Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 58, na Ian Millar wa Kanada alishiriki Olimpiki mara kumi kati ya 1972 na 2012. Na asiyetaka kushindana ana kazi nyingine karibu na farasi: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, husomesha madaktari wa mifugo, nao fundi wa kwato hodari hakosi wa kumwita.

Atakayepata nafasi ya kuvuka kwenda bara au Nairobi kupanda mbele ya waamuzi, kwa kawaida atapewa farasi asiyemjua, kwa kuwa wake hawezi kupelekwa. Ajizoeze mapema kubadilisha farasi. Juu ya mnyama mgeni, atembee kwanza, asimame, ageuke kushoto na kulia, apime farasi anaitikia mguu mwepesi au mzito, kisha apite juu ya mti mmoja uliolazwa chini na kuhesabu urefu wa hatua yake, kabla ya kuomba kiunzi chochote kiinuliwe.