Somo: Kuipaka ndege ya AI rangi za Air Tanzania kwenye FSX na P3D

FSX (Microsoft Flight Simulator X) na P3D (Prepar3D) ni simuleta za kurusha ndege kwenye kompyuta. Ndege ya AI, yaani inayoendeshwa na kompyuta, huioni ukiwa ndani yake. Unaiona ikitembea mita mia mbili mbele yako, au ikiwa nukta inayoshuka kutua kwenye barabara ya ndege ya 05 pale Dar es Salaam. Rangi zake zinatakiwa zitambulike kwa mbali na zisiielemee kompyuta. Riveti na mistari ya milango midogo waachie wanaopaka ndege za kurusha wenyewe.

Mfano wetu ni Airbus A220-300.

Hatua ya 1: Kiolezo. Pakua modeli ya AI pamoja na kiolezo chake chenye matabaka (picha tupu ya kupaka, kila sehemu ikiwa tabaka lake). Usianzie kwenye faili la DDS (picha ya rangi inayosomwa na simuleta) la shirika jingine, maana limeshabanwa, na kila ukilihifadhi upya kingo za herufi zinazidi kuchakaa. Fanya kazi kwenye GIMP 2.10, programu ya kuhariri picha, na uhifadhi kama XCF (faili la GIMP lisilopoteza matabaka) mpaka mwisho.

Hatua ya 2: Rangi na maandishi. Weupe wa bodi usiwe 255, yaani weupe kamili. Weka kati ya 235 na 240, la sivyo jua la mchana litameza madirisha yote. Usichore vivuli, simuleta inaviweka yenyewe.

Sasa piga hesabu. A220-300 ina urefu wa mita 38.7. Ukiitandaza kwenye picha ya pikseli 1024, pikseli moja ni karibu sentimita 4. Herufi za usajili ubavuni, ambazo kanuni za kimataifa zinataka zisipungue sentimita 30, zinapata pikseli 8 tu za kimo. Fonti nyembamba hapo inageuka ukungu. Tumia fonti nene, chora kwenye 2048, kisha punguza hadi 1024. Twiga wa mkiani naye mpe mistari minene kidogo kuliko ilivyo kwenye picha halisi, ndipo atambulike kwa mbali.

Bendera ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa desturi upande wa mlingoti hukaa kwenye pua, kana kwamba bendera inapepea ndege ikienda mbele. Kwa hiyo pembetatu ya kijani inakuwa juu upande wa pua, na ya bluu chini upande wa mkia, kwenye mbavu zote mbili. Ukinakili ya kushoto kwenda kulia bila kuigeuza, kijani kitaangukia mkiani. Maandishi ni kinyume chake: ukiyageuza yatasomeka kama kwenye kioo.

Hatua ya 3: Kuhifadhi. Chaneli ya alfa (tabaka la nne la picha, mbali na nyekundu, kijani na bluu) inakili kutoka kwenye kiolezo kama ilivyo. Kwenye modeli nyingi ndiyo inayoamua mng'ao, na ukiifuta bodi inaweza kung'aa kama sufuria mpya. Kisha geuza picha nzima juu chini, kwa sababu FSX na P3D husoma DDS ikiwa imepinduliwa. Toa kama DDS, ubanaji wa aina ya DXT5 ikiwa kuna alfa, DXT1 ikiwa haipo, na uwashe mipmapu (nakala ndogo ndogo za picha zinazotumika ndege ikiwa mbali). Usipoziwasha, ndege itametameta ikiwa mbali, na ndege ya AI iko mbali karibu muda wote.

Kubaki 1024 kuna maana yake: DXT5 ya 1024 ni MB 1 kabla ya mipmapu, ya 2048 ni MB 4. Mashirika 20 uwanjani ni MB 20 dhidi ya 80, hapo ni picha ya bodi peke yake.

Picha ya usiku (jina lake huishia na _L) nayo ifuate utaratibu huohuo.

Hatua ya 4: Folda. Tengeneza folda `texture.ATC` ndani ya folda ya ndege. Weka humo faili la `texture.cfg`:

[fltsim]
fallback.1=..\texture

Mstari huo unairuhusu ndege kuchukua matairi na injini kutoka folda ya pamoja. Ukikosekana, sehemu hizo zinabaki bila rangi.

Hatua ya 5: aircraft.cfg, faili la maelezo lililo ndani ya folda ya ndege. Weka nakala ya akiba kwanza, kisha ongeza:

[fltsim.4]
title=AI A220-300 Air Tanzania
sim=(nakili kutoka sehemu ya juu yake)
model=
texture=ATC
atc_airline=Tanzania
atc_parking_codes=ATC
atc_parking_types=GATE,RAMP

Namba zifuatane. Ukiruka kutoka 3 kwenda 5, ya 5 haisomwi. Na usichanganye: `atc_` mwanzoni mwa mstari ni waongoza ndege, ATC baada ya alama ya sawa ni msimbo wa Air Tanzania uliotolewa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga.

MASWALI

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Ndege zangu zote zimeandikwa 5H-TCH. Nakosea wapi?

Jibu: Hujakosea, usajili umechorwa kwenye picha, na picha ni moja. Tengeneza folda nyingine, mfano `texture.TCI` kwa 5H-TCI, yenye picha ya bodi na `texture.cfg` yenye fallback.1=..\texture.ATC na fallback.2=..\texture. Picha nyingine zitatoka kwenye folda hizo za fallback. Iongezee `[fltsim.5]` yenye title tofauti, na uitaje title hiyo kwenye ratiba ya safari za ndege za AI.

Swali: Ratiba nimeshaiweka lakini HTDA (uwanja wa Dar es Salaam) haitokei ndege hata moja.

Jibu: Linganisha title ya kwenye ratiba na ya aircraft.cfg herufi kwa herufi, hata nafasi. Kama ziko sawa, angalia maegesho. Mabawa ya A220 ni mita 35.1, hivyo inataka maegesho yenye nusu kipenyo cha mita 18. Fungua uwanja kwenye Airport Design Editor, programu ya kuhariri viwanja, kuza maegesho machache, na uyape msimbo ATC.

Swali: Kwenye VATSIM, mtandao wa kurusha ndege pamoja, nitawaona wenzangu na rangi hizi?

Jibu: Ndiyo, kaka, kama unatumia vPilot, programu ya kuunganisha simuleta na VATSIM. Andika kanuni kwenye faili la .vmr, ambalo huiambia vPilot itumie ndege ipi (BCS3 ni msimbo wa A220-300):

<ModelMatchRule CallsignPrefix="ATC" TypeCode="BCS3" ModelName="AI A220-300 Air Tanzania" />

Utawaona wewe tu. Mwenzako anaona kilichomo kwenye kompyuta yake.

Swali: Nikihamishia picha hii MSFS 2020 (Microsoft Flight Simulator 2020) itakubali?

Jibu: Si kwa kunakili. Kule DDS haipinduliwi, kila picha ina faili lake la json, na kila faili lazima litajwe kwenye `layout.json`. Lisilotajwa humo simuleta hailioni kabisa. Rudi kwenye XCF yako na utoe upya kwa kiolezo cha modeli ya MSFS.