Soma namba mlangoni: kuzuru gurdwara za kale kutoka Khadur hadi Amritsar

Wageni wengi wa Punjab, kaskazini mwa India, huona Hekalu la Dhahabu la Amritsar, wakapiga picha, wakaondoka. Gurdwara, yaani nyumba za ibada za Wasikh, za miji midogo ya karibu hubaki kuwa za kupitia tu muda ukibaki. Ni hasara kubwa, kwa sababu Amritsar ndiko safari ya Maguru wa mwanzo, walimu wakuu wa dini hiyo, ilikofikia, si ilikoanzia. Mwongozo huu unakupeleka kwa mpangilio wa historia: Khadur Sahib, Goindwal Sahib, Tarn Taran, kisha Amritsar.

Kabla ya yote, jifunze kusoma kibao. Wasikh, au Makalasinga kama wanavyoitwa mitaani kwetu, wana Maguru 10, na gurdwara ya kihistoria hutaja namba ya Guru aliyefika pale kwa neno Patshahi. Patshahi Pehli ni Guru Nanak, wa 1. Duji ni Angad, Tiji ni Amar Das, Chauthi ni Ram Das, Panjvin ni Arjan, Chhevin ni Hargobind, Satvin ni Har Rai, Athvin ni Har Krishan, Nauvin ni Tegh Bahadur, Dasvin ni Gobind Singh. Ukitembea vijiji vya Malwa, kusini mwa mto Satluj, utakutana na Nauvin mara kwa mara, maana Guru Tegh Bahadur alizunguka sana huko. Mara nyingine namba huandikwa kwa tarakimu za Gurmukhi, mwandiko wa Kipunjabi, na hapo ndipo wageni hukosea: ੧ inafanana na 9 yetu lakini ni 1, na ੪ inafanana na 8 lakini ni 4. Andika zote kumi kwenye karatasi uiweke mfukoni.

Sehemu nyingine ya jina hueleza kilichokuwepo. Ber ni mkunazi, Imli ni mkwaju, Khuh ni kisima, Baoli ni kisima cha kushukia kwa ngazi, Thara ni baraza la kukalia, Chaubara ni chumba cha ghorofani, Damdama ni mahali pa kupumzikia. Kwa hiyo ukisoma Ber Sahib, usiishie kwenye kuba. Ulizia mti ulipo.

Muda mzuri ni Oktoba na Novemba, au Februari na Machi. Desemba na Januari ukungu huchelewesha ndege, treni na magari, na sakafu ya marumaru huwa baridi ya kuuma nyayo. Mei na Juni sakafu hiyohiyo huunguza. Tembea juu ya mikeka iliyotandikwa, usikate njia katikati ya uwanja. Anayetoka Kenya au Uganda asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano: chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia India, la sivyo unaweza kuwekwa karantini.

Masharti ya kuingia ni yaleyale kila mahali. Viatu unaviacha kwenye jora ghar, chumba cha viatu, na kupewa kibati chenye namba. Unanawa mikono, unapita kwenye maji ya miguu, na kichwa unakifunika kabla ya kuvuka lango. Kofia ya jua haikubaliki. Beba mtandio au kitambaa kikubwa cha kufunga nyuma ya kichwa, kwa sababu vile vidogo vya kuazima huteleza kila unapoinama. Sigara, tumbaku na pombe viache kabisa, hata pakiti isiyofunguliwa. Ndani, unasujudu mbele ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Wasikh, na kuketi sakafuni, na miguu usiinyooshe kuelekea kitabu hicho.

Ukitoka utapewa karah parshad, halua ya unga wa ngano, samli na sukari kwa uzito sawa. Chuchumaa au inama, unganisha viganja viwe kama bakuli, uipokee kwa mikono miwili. Kunyoosha mkono mmoja ni kosa linaloonekana haraka. Kama ni nyingi kwako, sema “thora” mapema, yaani kidogo, maana ikishawekwa mkononi hairudishwi wala haitupwi. Samli itakayobaki viganjani jipake mikononi, usiifute kwenye nguo.

Khadur Sahib iko kama kilomita 40 kutoka Amritsar. Kodi gari kwa siku mbili, kwa kuwa bajaji ni za safari za mjini. Hapa aliishi Guru Angad hadi kufa kwake mwaka 1552, na hapa alifundisha watoto mwandiko wa Gurmukhi; Mal Akhara ndipo panapokumbukwa kwa kazi hiyo. Lakini kitu cha kukitafuta ni kidogo zaidi. Ndani ya uwanja wa gurdwara kuu kuna kijumba cha marumaru chenye kuba, Killa Sahib. Amar Das, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60, alikuwa akiamka usiku kumletea Guru Angad maji ya kuoga kutoka mto Beas. Usiku mmoja wa dhoruba alijikwaa kwenye kigingi cha mfumaji, akaanguka, lakini maji hayakumwagika. Kijumba kile kinaonyesha mahali kilipokuwa kigingi hicho. Wengi hukipita wakidhani ni pambo la uwanja.

Endelea kilomita kama 8 hadi Goindwal, ukikumbuka kwamba mzee yule aliipita njia hii kwa miguu, na mtungi. Alipokuwa Guru wa 3 alichimbisha Baoli yenye ngazi 84. Desturi ya mahujaji ni kuoga, kusoma sala ya Japji kwenye ngazi moja, kurudi majini kuoga, kisha kusoma kwenye ngazi inayofuata, hadi zote ziishe. Piga hesabu kabla hujaweka nia: Japji ikisomwa kwa utulivu huchukua kama dakika 20, na 20 mara 84 ni saa 28. Wanaoshindwa hushindwa kwa baridi na kwa ngazi zenye utelezi kuliko kwa usingizi. Mgeni asiye na nadhiri ashuke ngazi zote, aguse maji, asome au asikilize Japji mara moja. Japji yenyewe, katika ubeti wa 6, inasema kuoga mahali patakatifu kuna maana kama kunampendeza Mungu.

Hatua chache kutoka hapo ni Chaubara, makazi ya Guru Amar Das. Guru Arjan alizaliwa Goindwal mwaka 1563, na baadaye alirudi Chaubara kumwomba Mohan, mwana wa Amar Das, vitabu vya mkono vya tenzi za Maguru waliotangulia. Lala Goindwal, kwenye sarai ya gurdwara. Beba pasipoti na kufuli lako mwenyewe.

Kesho yake pita Tarn Taran, mji wa Guru Arjan, wenye moja ya mabwawa makubwa kuliko yote ya Wasikh. Usiku wa giza kabla ya mwezi kuandama, Massya, watu hufurika kila mwezi. Ukitaka utulivu epuka tarehe hiyo, ukitaka kuona ibada ya umma chagua hiyohiyo. Tazama pia matofali membamba ya zamani, ya Nanakshahi, popote yalipobaki. Ukarabati wa kujitolea umefunika mengi kwa marumaru, na Machi 2019 watu walipoanza kubomoa lango la kale la hapa, Darshani Deori, Wasikh wengi walipinga hadi kazi ikasimama. Walikuwa na haki. Marumaru mpya inang'aa, lakini haikumwona Guru yeyote.

Amritsar fika jioni. Aliyewahi kula kwenye gurdwara ya Makindu, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, anaijua tayari langar, chakula cha bure cha gurdwara: unaketi sakafuni kwa mstari, chapati unaipokea kwa mikono miwili, sahani unaimaliza. Hapa ni vilevile, saa 24, kwa makumi ya maelfu ya watu kila siku. Baada ya kula, ingia kwenye kumenya vitunguu saumu au kuosha sahani; hakuna wa kuombwa ruhusa, unakaa palipo na nafasi.

Foleni ya kuingia hekaluni huchukua saa nyingi Jumamosi na Jumapili, hivyo nenda siku ya kazi, usiku au kabla ya alfajiri. Zunguka bwawa kwa mwendo wa saa, miguu usiichovye ukiwa umekaa ukingoni, na kamera ifunge kabla ya kuingia ndani. Usiku Guru Granth Sahib hubebwa kwa machela ya dhahabu hadi Akal Takht, jengo linalotazamana na hekalu. Ulizia saa kwa wahudumu, maana hubadilika kwa msimu, na simama kando ya daraja la kuingilia hekaluni saa nzima kabla. Kitabu kile kiliwekwa hekaluni humu kwa mara ya kwanza mwaka 1604, na vitabu alivyoviomba Guru Arjan pale Chaubara, kwa simulizi za Wasikh, vililetwa Amritsar juu ya machela, yeye akitembea kando, peku.