Matembezi ya Unguja na mtoto mdogo

Wana-Dodoma mnaoshuka Dar kwa treni ya SGR, kisha boti hadi Unguja, na mna mtoto wa miaka mitatu minne: kabla ya kulipia matembezi, bei iulizeni mwisho. Ulizeni kwanza mtakaa majini muda gani, kivuli kipo, na jaketi okozi la saizi ya mtoto lipo? La mtu mzima likiingia maji linapanda juu, mtoto anachomoka.

Pomboo wa Kizimkazi waacheni kwanza. Ni alfajiri, mashua ndogo, mawimbi. Mtoto aliyezoea vumbi la Ipagala atatapika kabla hajaona hata pezi moja. Kisiwa cha Changuu ni kama nusu saa tu kwa mashua kutoka Mji Mkongwe, na wale kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli wanakwenda taratibu, mtoto anawalisha majani mwenyewe. Chungeni vidole. Kupanda mashua mara nyingi ni kuingia majini hadi magotini, kwa hiyo kaptula na ndala.

Jua likiwaka, shamba la viungo: kivuli tele, na vijana wa pale humsukia mtoto taji la makuti. Msituni Jozani pia pazuri kwa kima punju, ila biskuti ziacheni garini.