Mambo ya kuzingatia kabla hujamwaga oili kwenye gari yako mpya

Wengi wetu tukisema gari mpya tunamaanisha ile iliyoshuka bandarini Dar juzi ikitokea Japani, sio ile ya kubandua nailoni kwenye siti, na hiyo ndo nitaiongelea zaidi, ila mwenye zero kilomita asiondoke, kuna cha kwake huko mbele. Gari ikishapata namba na bima watu wanakimbilia redio, rimu na tinti, oili inasubiri mpaka fundi aseme, na fundi mwenyewe akishafungua boneti swali lake ni moja tu, "bosi niweke ya bei gani?" Hapo ndo panapoharibikia, maana oili haianzii kwenye bei wala kwenye kampuni, inaanzia kwenye injini, na hiyo kazi ya kuijua injini ni yako wewe mwenye gari, uifanye nyumbani kabla hata hujaenda dukani.

Chukua mfano wa IST kwa sababu zimejaa mtaani. IST mbili zinaweza kufanana rangi mpaka taa, moja ni NCP60 yenye injini ya 2NZ-FE, 1300, nyingine ni NCP61 yenye 1NZ-FE, 1500. Fungua boneti utafute kibati cha Toyota, kimeandikwa modeli, chesisi na aina ya injini, kipige picha kikae kwenye simu. Hiyo picha ndo unaenda nayo dukani, sio kusema "nataka filta ya IST" halafu upewe chochote kinachoingia. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani usikitupe, namba hazina lugha, fungua kurasa za mwisho mwisho utaona 0W-20, 5W-30, huo ndo uzito wa oili, utaona lita, na ukielekeza kamera ya simu kwenye maandishi inakutafsiria hapo hapo. Magari mengine yameandikwa uzito wa oili kwenye kifuniko chenyewe cha kujazia.

Kabla hujasahau angalia pia kama kuna kistika au kadi ya sevisi ya mwisho, mara nyingi iko pembeni ya mlango wa dereva au imening'inia ndani ya boneti. Kuna kilomita na kuna tarehe, ila mwaka wanaandika wa kwao, ukiona R5 jumlisha 2018 unapata 2023, ukiona H30 jumlisha 1988 unapata 2018. Linganisha na kilomita za kwenye dashibodi. Kistika kikisema oili ilimwagwa kwenye 96,000 na dashibodi inasoma 78,000 tatizo lako sio oili tena, mpigie aliyekuuzia. Na hata kama kila kitu kiko sawa, oili iliyokaa kwenye injini tangu gari inasubiri mnada, ikakaa yadi, ikapanda meli, ikakaa bandarini, hiyo we mwaga tu hata kama kwenye stiki ya kupimia inaonekana safi, usiihesabie kilomita.

Sasa uzito, na hapa nikae kidogo maana ndo penye uongo mwingi. Utaambiwa Dar ni joto, 0W-20 ni ya baridi ya Japani, weka 20W-50 injini itulie. Ile namba ya kwanza yenye W kweli inahusu baridi, ni jinsi oili inavyotembea gari ikiwa haijapata moto, lakini ya pili inapimwa nyuzi 100, yaani injini ikiwa imeshachemka, na injini ikishachemka haijui kama uko Temeke au Makete, thermostati inaishikilia kwenye joto lile lile karibu kila siku. Kwenye hizo nyuzi 100 oili ya 20 ina mnato wa kati ya 6.9 na 9.3, ya 30 inaanzia 9.3, ya 40 inaanzia 12.5, na ya 50 inaanzia 16.3. Ukitoka 20 kwenda 50 umeongeza uzito kama mara mbili kwenye injini ambayo njia zake za oili zilichimbwa kwa ajili ya ile nyepesi. VVT-i, ule mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa vavu za injini kufunguka, yenyewe inaendeshwa na presha ya oili, kuna vavu ndogo na chujio lake dogo kabisa, ukiisukumia oili nzito inachelewa kuitikia, na asubuhi ukiwasha ndo kabisa, oili inachelewa kufika juu na chuma kinasagana na chuma kwa zile sekunde za mwanzo. Na kiasi kikubwa cha kulika kwa injini kinatokea hapo hapo kwenye kuwasha.

Hiyo haimaanishi 0W-20 ni amri ya Mungu. Vitabu vya Toyota vyenyewe kwa injini nyingi vinaruhusu zaidi ya uzito mmoja, na vinasema oili nzito kidogo inaweza kufaa zaidi kwa mwendo mkali au mzigo mkubwa. Kwahiyo 1NZ yenye kilomita laki na kitu, inayokaa foleni ya Buguruni kila jioni na AC imewashwa, mimi naipa 5W-30 bila wasiwasi. Haibridi mpya inayotaka 0W-16 siigusi, naifuata ilivyoandikwa. 20W-50 nawaachia wenye magari ya zamani yaliyotengenezewa hiyo, na wale ambao injini imeshachoka inakula oili wanasubiri hela ya kufungua.

Baada ya uzito geuza dumu, soma mgongoni, mbele ni matangazo. Tafuta herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga viwango vya oili. Inayoanza na S ni ya petroli, inayoanza na C ni ya dizeli, na herufi ya pili kadri inavyokwenda mbele ndo oili ya kisasa zaidi. SL ilikuja 2001, SN 2010, SP 2020, na mwaka 2025 ikaja SQ. Ya mbele inaingia pale ilipotakiwa ya nyuma, yaani kitabu kikisema SL ukaweka SP umefanya vizuri, kinyume chake hapana. SP ina umuhimu wa kipekee kwa injini ndogo za turbo zinazochomea petroli moja kwa moja ndani ya silinda, maana hizo zina ugonjwa wa mafuta kulipuka kabla ya wakati gari ikiwa mwendo mdogo na umekanyaga sana, na SP ilitungwa kuzuia hilo pamoja na kulika kwa cheni ya taimingi. Ukikuta dumu limepambwa dhahabu na picha ya gari ya mashindano halafu mgongoni ni SG, liache hapo hapo kwenye shelfu.

Wenye magari ya Ulaya herufi za API haziwatoshi, nyinyi mnatafuta kibali cha mtengenezaji, BMW wana LL-01 na LL-04, Mercedes wana 229.5, Volkswagen na Audi wana 502 00 au 504 00, na neno "inafaa kwa" sio sawa na "imeidhinishwa na". Na ndugu zangu mlionunua Mazda CX-5 ya dizeli kwa sababu bei ilikuwa tamu, tafadhali. Ile ina DPF, chujio la masizi kwenye ekzosi, inataka oili yenye majivu kidogo, kiwango chake kwa soko la Japani ni DL-1, kwa Ulaya ni ACEA C3. Oili ya dizeli ya fuso inaziba DPF taratibu. Halafu kila ikijisafisha dizeli kidogo inashuka kwenye oili, kwahiyo oili haipungui, inapanda! Kwenye stiki yake kuna alama ya X juu ya full, ikifika hapo mwaga, usisubiri kilomita.

Kuhusu oili ya sintetiki yenyewe, hilo neno limetumika mpaka limechakaa. Kuna oili iliyotengenezwa kiwandani molekuli kwa molekuli, wanaiita PAO, na kuna iliyotokana na mafuta ghafi ya kawaida ikasafishwa kwa nguvu sana mpaka ikakaribia hiyo, kundi la tatu. Mwaka 1999 Mobil walimshitaki Castrol kwenye baraza la matangazo Marekani kwamba anaita kundi la tatu sintetiki, Mobil wakashindwa, na tangu hapo madumu mengi ya sintetiki unayoyaona ni hilo kundi la tatu. Sio mbaya hata kidogo, inavumilia joto na inakaa safi kuliko ya kawaida, ninachosema usilipe hela mara tatu kwa ajili ya neno tu. Semi ni mchanganyiko wa sintetiki na ya kawaida, na kiwango cha kuchanganya hakiandikwi. Mimi kati ya sintetiki ya uzito usio sahihi na semi ya uzito sahihi yenye SP nachukua semi. Na ile hofu ya kwamba gari ikizoea oili ya kawaida ukiweka sintetiki itaanza kuvuja, sili, yaani raba ya kuzuia kuvuja, iliyokwisha imekwisha, oili safi inakuonyesha tu.

Feki zipo, tusidanganyane. Kupima kwa vidole au kwa rangi hakusaidii kitu. Nunua kwa wakala au duka ambalo utarudi na risiti wakutambue, angalia sili ya kifuniko, angalia namba ya toleo iliyopigwa kwenye dumu, na ukimaliza ondoka na dumu lako au litoboe kabisa, maana madumu matupu yana soko na unajua yanaenda kujazwa nini.

Filta sasa. Watu wanaweka oili ya laki halafu wanabana kwenye filta, wakati tofauti ya filta ya OG na ya ajabu ajabu ni hela ya chipsi kuku. Kwa 1NZ namba ya Toyota ni 90915-YZZE1, ile ya kopo. Injini mpya zaidi kama 2ZR-FE hazina kopo, zina elementi ya karatasi inayokaa ndani ya kikombe, namba 04152-YZZA6, na hiyo lazima ije na oringi yake mpya, na fundi awe na kifungulio chake, sio bisibisi na nyundo. Ya kopo igeuze uiangalie kwa chini. Shimo la katikati lina rezi, zile nyuzi za kufungia, limezungukwa na vitundu vidogo, na nyuma ya hivyo vitundu kuna raba, iguse taratibu kwa ncha ya peni, inatakiwa iwe laini na irudi. Hiyo ndo inazuia oili isirudi kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, ukizima gari, ikiwa ngumu au haipo, kila asubuhi utasikia injini inagonga kidogo ikisubiri oili. Rezi ziwe safi, gasketi ikae kwenye mfereji wake vizuri. Boksi peke yake sio ushahidi, maboksi yanachapishwa. Na usikubali hadithi ya "filta tutabadilisha sevisi ijayo" wakati unaanza na gari usiyojua historia yake.

Siku yenyewe simama pale. Simama kabisa, simu mfukoni. Hakikisha nati inayofunguliwa ni ya injini, kwenye Subaru watu wameshamwaga oili ya giaboksi wakidhani ni ya injini, halafu wakajaza injini mara mbili. Filta ya zamani ikitoka angalia kama imetoka na gasketi yake, ikibaki imeganda kwenye bloku na mpya ikafungwa juu yake, oili itamwagika yote ukiwa barabarani. Mpya ipakwe oili kwenye gasketi, ifungwe kwa mkono, ikigusa iongezwe robo tatu ya mzunguko, basi. Washa ya nati iwe mpya. Kisha lita, 1NZ-FE inachukua 3.7 ukibadilisha na filta, dumu ni la lita 4, na fundi atataka kulimalizia lote "isibaki". Ibaki! Oili ikizidi krenki inaipiga mpaka inatoa povu na povu halilainishi kitu. Jaza kama lita tatu na nusu, washa, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, chungulia chini kama kuna tone, zima, subiri dakika tano gari ikiwa sehemu iliyonyooka, ndo upime kwa stiki na kuongezea. Kilichobaki weka kwenye buti. Flashi, ile dawa ya kuosha injini kwa ndani, kwenye injini usiyoijua siipendi, uchafu ukibanduka kwa mkupuo unaenda kuziba chujio la pampu, bora sevisi ya kwanza uiwahishe kwenye kilomita elfu mbili tatu.

Baada ya hapo Toyota ya petroli isiyo na turbo kwa Japani wanasema kilomita 15,000 au mwaka, lakini ukisoma mstari wa chini, kwa matumizi magumu ni 7,500 au miezi sita, na matumizi magumu ni vumbi, safari fupi fupi na kukaa foleni, yaani ni sisi. Mwenye zero kilomita fuata ratiba ya dila mpaka waranti iishe na tunza risiti zote, hata kama mtaani ni nafuu.

Filta ya zamani usiiache gereji. Mwambie fundi aikate, atandue ile karatasi kwenye jua. Nyeusi tupu ni kawaida. Ukiona inametameta vichembe, pitisha sumaku, vinavyonata ni chuma, visivyonata mara nyingi ni vya bearingi, na vikiwa vingi usisubiri sevisi ijayo, apime presha ya oili siku hiyo hiyo kabla hujaitoa gari hapo.